Mjukuu Wangu, Shuka Kwenye Pikipiki Hiyo

Mbukwenyi, wajukuu zangu. Najua mna haraka. Siku hizi hata salamu ya mzee mnaijibu kwa honi. Kaeni kidogo hapa kivulini. Nawe uliyeiacha pikipiki inanguruma nje, nenda kaizime kwanza.

Nilikuwa mzee wa baraza katika Mahakama ya Mwanzo kwa miaka mingi. Nilikaa ubavuni mwa hakimu nikasikiliza wizi wa kuku, wa mbuzi, wa mabati, na ugomvi wa kilabuni. Mtu alilipa faini, au alilipa fidia, au alikaa ndani miezi kadhaa, kisha akarudi kijijini na aibu yake. Aibu ni mzigo, lakini mtu hutembea nayo.

Kesi hizo hazininyimi usingizi. Zinazoninyima ni zile ambazo hazikuletwa kwetu kabisa, kwa kuwa zilikuwa kubwa kuliko meza yetu.

Sikilizeni jinsi zinavyoanza. Vijana wawili wanatoka usiku. Mmoja anaendesha, mwenzake kakaa nyuma na panga ndani ya koti. Wanamkuta binti anatoka kazini, mahali penye giza. Wa nyuma anaonyesha panga, anachukua simu. Hajamkata mtu. Dakika mbili wameshapotea, na kesho yake simu inauzwa kwa bei ya madebe machache ya mahindi.

Ninyi mnaita kupora. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 287A, inaita unyang'anyi wa kutumia silaha, na kifungo chake hakipungui miaka 30. Rudieni wenyewe kwa sauti: thelathini. Wala msidhani silaha ni bunduki tu. Panga ni silaha. Nondo ni silaha.

Na aliyeendesha je? "Mimi sikushuka, babu. Sikumgusa mtu. Nilibeba abiria tu." Maneno hayo niliambiwa na kijana niliyemjua tangu ananyonya. Alijua kilichokuwamo kotini, na alijua wanakwenda wapi. Sheria humhesabu aliyesaidia kuwa naye katenda, na walioingia kwa nia moja hubeba kosa moja. Mimi husema hivi, na wazee wenzangu wamenicheka sana kwa methali zangu: aliyeshika miguu ya mbuzi hawezi kusema hakuchinja.

Shuka, mjukuu wangu. Ukimwona rafiki yako kapanda nyuma na koti zito usiku wa joto, shuka. Mwambie mafuta yamekwisha. Mwambie babu yako anaumwa. Nakuruhusu kunisingizia ugonjwa wowote unaoujua.

Ukiwa chini ya miaka 18, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakukinga: mtoto hahukumiwi kifungo. Nimewaona wakubwa wanaowatuma wadogo kwa sababu hiyo hiyo. Lakini kinga hiyo ni kama maji ya korongo letu, leo yapo, kesho unachota mchanga. Kijana wa miaka 19 akipewa 30, fanyeni hesabu. Hukumu yake inaishia kwenye miaka 49. Wenzake watakuwa wameoa, wamejenga, wamezika wazazi. Naye mzazi wake atakuwa amezikwa na wengine.

Na msifikiri mateso yanaanza siku ya hukumu. Kosa hilo halina dhamana. Ukishasomewa shitaka unakwenda mahabusu, unasubiri. Unaletwa, unaambiwa upelelezi haujakamilika, unarudishwa. Hapa siwapambi wakubwa: kusubiri huko ni kurefu mno, na wapo wasio na hatia wanaosubiri humo pamoja na wenye hatia. Kwa hiyo hata ukiwa umesingiziwa, mtoto wangu, miaka haitakurudia. Mama yake yule kijana niliyemtaja alikuwa anatoka kijijini alfajiri kwenda gerezani kumwona. Aliuza kuku kwa ajili ya nauli. Kuku walipokwisha akauza sufuria.

Wengine mnajipa moyo kwamba kuna msamaha. Kweli, tarehe 9 Desemba 2017, hapa hapa Dodoma, Uwanja wa Jamhuri, Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 8,157, na watu wakalia kwa furaha. Lakini matangazo ya namna hiyo huwa na orodha ya makosa yasiyoguswa, na mara nyingi hilo la panga na simu limo.

Sasa mtaniuliza, kwani nani katufikisha hapa? Swali la haki hilo, na sitalikwepa.

Mji huu ulikuwa na watu 410,956 kwenye sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ikahesabu 765,179. Serikali ilipohamia kweli kweli kuanzia 2016, ardhi yetu ya uwele na mtama ikageuka viwanja. Ihumwa, Mtumba, Nala, kote huko watu waliuza. Nami niliuza. Nilipokea pesa ambazo mikono yangu haijawahi kuzishika, nikanunua hiki na kile, nikamnunulia mwanangu pikipiki. Pesa ikaisha, pikipiki ikachakaa, shamba likawa ukuta wa mtu mwingine. Pesa ya shamba ina miguu, shamba halina. Vijana wetu wakabaki wanapita mbele ya nyumba nzuri zilizosimama palipokuwa na mtama wa bibi yao, bila jembe na bila cheti, na jioni wanabeti. Hilo ni kosa letu wazee, na nimelisema.

Ila si umaskini unaomshika mtu mkono akachukua panga. Ugogo uliijua njaa kabla ya babu zenu kuzaliwa; waulizeni wazee habari za Mtunya, wakati wa ile Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Walioiba walikuwapo, sikatai. Waliochimba mizizi wakala walikuwa wengi zaidi.

Wewe unayenunua nawe usijifiche nyuma ya wenzako. Simu ya bei ya kutupa, haina risiti, haina boksi, muuzaji anatazama nyuma kila mara. Hiyo simu ina namba yake tumboni. Ukiweka laini iliyosajiliwa kwa kidole chako, umejiandikia barua ya kuitwa polisi. Kupokea mali ya wizi ni kosa kamili, na mara nyingi anayekamatwa ni mshikaji wa mwisho. Wa kwanza yuko Singida anakunywa soda.

Kuna njia nyingine fupi zaidi ya mahakama, nayo naiogopa kuliko gereza. Mtu mmoja anapiga kelele "mwizi!", na wote wanaokota mawe. Nimeona tairi likiwaka kando ya barabara. Magazetini wanaandika "wananchi wenye hasira kali", lakini kwenye hasira hiyo wamo waliokuwa wanatafuta la kufanya tu. Msichanganyikane nao pia, nawasihi. Jiwe unalorusha likimuua mtu, kosa lako ni mauaji, na adhabu ya mauaji ni kunyongwa. Mkamateni, mpelekeni kwa mtendaji wa kijiji au polisi, basi.

Na ukikosea kwenye kidogo, ukaiba kuku, njoo usikimbie. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu mwenye kifungo kisichozidi miaka mitatu kufanya kazi za jamii badala ya kukaa ndani. Nimewaona waliofagia zahanati mbele ya wenzao wakaacha kabisa wizi. Mtoto aliyefagia mchana hushindwa kuvizia usiku.

Lakini ya panga haifagiliwi, wajukuu zangu. Shukeni. Nasema tena, na nitasema hadi mchoke: shukeni.

Kile kipande nilichobakiza Hombolo kina zabibu, na mashina yanataka kupogolewa kabla jua halijawa kali. Ninaondoka saa kumi na moja alfajiri. Mkasi wa pili upo nyuma ya mlango, na pikipiki hiyo inaweza kutubeba wawili.