Binti Zetu Wasoma kwa Nani?



Tarehe 11 Septemba 2016, siku ambayo mahujaji walikuwa wamesimama Arafa, wanawake watatu waliingia kituo kikuu cha polisi hapa Mombasa. Walisema wamekuja kupiga ripoti ya simu iliyoibwa. Mara mmoja akatoa kisu, na ikarushwa chupa ya petroli. Wote watatu wakauawa kwa risasi, na kundi lijiitalo Dola ya Kiislamu likajifakhiri kwa kitendo kile.

Kilichoniuma zaidi ni siku yenyewe. Bibi Aisha (r.a.) alipomuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya jihadi ya wanawake, alijibiwa kuwa yao ni ile isiyo na mapigano, nayo ni Hija na Umra. Basi jihadi yao ilikuwa ikitimizwa Arafa siku ile ile, na hawa wakaitafuta kwa kisu! Mtume huyo huyo alimrudisha nyumbani mtu aliyetaka kwenda vitani, akamwamrisha awatumikie wazazi wake. Je, binti atorokaye usiku, mamake asijue, ameamrishwa na nani?

Wawapotezao hawaanzi na bunduki. Huanza kwa maneno laini katika simu: humsikitikia binti, humletea “dada” wa kumliwaza, humwahidi mume mcha Mungu, kisha humkataza kumwambia mtu. Februari 2015 wasichana watatu wa shule moja ya London walisafiri mpaka Syria, wawili wao wana miaka 15 tu. Waliozwa huko huko. Mmoja alizaa watoto watatu, na wote watatu wamekufa.

Sheikh wa simu hatujui alisoma kwa nani, wala nani alimpa ijaza. Lakini tusimlaumu yeye peke yake. Miaka iliyopita msichana mmoja alinijia baada ya Alasiri na suali juu ya vita vya Somalia. Nilimwambia hayo si mambo ya wanawake, nikaenda zangu. Sijui alikwenda kumuuliza nani, na kila nikumbukapo huona haya mbele ya Mola wangu. Bibi Aisha aliwasomesha wanaume nyuma ya pazia. Sisi hata pazia hatukuwatundikia binti zetu.

Kwa hivyo darsa ya wanawake itaanza Jumamosi hii, baada ya Alasiri. Masuali yote yatasikilizwa, hata yale yatuudhiyo. Enyi akina baba, waleteni.