Fedha za Zamani Katika Sanduku: Ziuzwe au Zitunzwe?

Yasomwe: Kutoka 16:19-34, 2 Wafalme 18:1-4, Matendo ya Mitume 5:1-4.



Mlango wa 16 wa kitabu cha Kutoka hutuonyesha mana iliyowekwa akiba mara mbili. Watu wengine waliisaza hata asubuhi, maana waliogopa kwamba kesho watakosa. Ikaingia mabuu, ikanuka. Lakini katika mlango uo huo Musa alimwagiza Haruni atie pishi moja ya mana katika chombo, aiweke mbele za Bwana, ili wazao waione na kujua jinsi baba zao walivyolishwa jangwani. Hatusikii kwamba hiyo nayo ilinuka. Mana ni ile ile, na mikono iliyoiokota ni ya wanadamu vile vile. Basi si kila akiba ni dhambi, wala si kila akiba ni heri. Iko akiba ya hofu, na iko akiba ya ushuhuda.

Nayaandika haya kwa sababu ya swali nililoletewa na mzee mmoja wa usharika, ambaye ameniruhusu nilieleze bila kulitaja jina lake. Babu yake alifanya kazi ya reli, siku zile njia ya chuma ilipojengwa kutoka Dar es Salaam kwenda bara, hata ikafika Tabora mwaka 1912. Huyo babu aliacha mkebe wa bati wenye sarafu. Mwanawe akaupokea, akaongeza nyingine. Sasa umemfikia mjukuu, ambaye amekwisha kupita miaka sabini. Sarafu zote ni 43.

Nyumbani mwake mzee huyu analea binti wa marehemu dada yake. Binti huyo ana ugonjwa wa moyo, na waganga wa hospitali wamesema hana budi kupasuliwa. Mbuzi wameuzwa, ndugu wamechanga, fedha haijatosha. Ndipo alipokuja mtu wa mjini, apendaye kukusanya sarafu za kale, akasema yu tayari kuununua mkebe wote. Mzee akaniambia, "Baba Mchungaji, nikiziuza, nimemtupa babu yangu. Nisipoziuza, nimemtupa mtoto wa dada yangu. Nifanyeje?"

Tuzitazame kwanza sarafu zenyewe, kwa kuwa zina mafundisho. Mna pesa za shaba za miaka ya 1890 hata 1892, zilizotolewa na Kampuni ya Wadachi ya Afrika Mashariki, zenye tai upande mmoja na maandiko ya Kiarabu upande wa pili. Pesa 64 zilitimiza rupia moja. Mna rupia za fedha zenye kichwa cha Kaisari Wilhelm wa Pili. Mna heller, zilizoanza mwaka 1904, 100 kwa rupia moja, na nyingine zina tundu katikati. Mna heller 20 za shaba ya njano, zilizopigwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli, wakati wa vita, Wadachi walipofungiwa njia ya bahari. Mna shilingi zenye simba, za Mfalme George wa Tano. Tena mna reale ya Sham moja, yenye sura ya Malkia Maria Theresia na mwaka 1780.

Sura hizi zote zilikuwa na nguvu siku zake. Kodi ya nyumba ilipowekwa mwaka 1898, mtu wa shamba alidaiwa rupia 3, na watu wasioweza kulipa walitiwa katika kazi. Wangapi walikosa usingizi kwa ajili ya rupia 3! Leo rupia ile hainunui hata kibiriti dukani. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1921, nayo ikaondoka baada ya shilingi ya Tanzania kutoka mwaka 1966. Kaisari amepita, na Mfalme amepita. Na ile reale ya Sham hutufundisha neno jingine. Watu wengi wakiisoma 1780 hudhani kwamba ilipigwa mwaka huo. Kumbe Malkia alikufa mwaka huo, nao wakaendelea kuipiga kwa sura ile ile na mwaka ule ule miaka mingi baada yake, kwa kuwa wafanya biashara wa Bahari ya Sham na wa pwani yetu hawakuiamini nyingine kama hiyo. Uso wa sarafu haukuambii kweli yote juu ya sarafu. Uso wa mtu pia haukuambii moyo wake umeshikwa na nini.

Neno la kwanza: kutunza ukumbusho wa wazee si dhambi. Bwana alimwamuru Yoshua kuyatwaa mawe 12 katikati ya Yordani, ili watoto watakapouliza maana yake, wajibiwe. Nabothi naye alikataa kumwuzia Ahabu shamba la mizabibu la baba zake, ingawa aliahidiwa bei njema na shamba bora kuliko lile. Na Mungu alikuwa upande wa Nabothi. Kwa hiyo yule asemaye kwamba Mkristo haimpasi kupenda kitu chochote cha baba zake, huyo amesema kupita Maandiko. Lakini angalieni: mawe ya Yoshua yaliwekwa mahali ambapo watoto watayaona na kuuliza. Nilimwuliza mzee kama wajukuu zake wanazijua sarafu za babu. Akajibu kwamba hawajaziona hata siku moja. Mkebe umo chini kabisa ya sanduku, nalo limefungwa kwa kufuli, kwa ajili ya wezi. Basi ushuhuda huo unamshuhudia nani? Ukumbusho usiosimuliwa watoto ni jiwe tu.

Neno la pili: ukumbusho huweza kugeuka kuwa sanamu. Nyoka ya shaba ilifanywa na Musa kwa amri ya Mungu mwenyewe, na watu walioitazama walipona. Hapakuwa na kitu cha kale chenye habari njema kuliko hicho katika Israeli. Hata hivyo baada ya miaka mingi watu waliifukizia uvumba, na mfalme Hezekia akaivunja vipande, nayo ikaitwa kipande cha shaba tu. Na Daktari Martin Luther, anapoieleza amri ya kwanza katika Katekismo Kubwa, afundisha kwamba kile ambacho mtu auwekea moyo wake na kukitegemea, hicho ndicho mungu wake.

Je, tutajuaje kwamba kitu kimekwisha kuwa sanamu? Si kwa kukipenda tu. Tutajua tukiona mtu aliye hai anaumia, nasi tunaona afadhali aumie kuliko kitu kile kuguswa. Tena wako wasemao kwamba rupia ya kale huleta baraka nyumbani, na ya kwamba ikitoka, wafu watakasirika. Ndugu zangu, hofu hiyo si ya Wakristo. Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu baba na mama, nasi twawaheshimu waliolala kwa kuwatunza waliotoka katika viuno vyao. Babu yule hakuiweka fedha ili fedha iishi, bali aliiweka ili nyumba yake iishi. Na binti mgonjwa ni wa nyumba yake.

Kanisa la kale latupa mfano. Warumi waliposhindwa vitani karibu na Adrianople mwaka 378, watu wengi walichukuliwa mateka. Ambrosius, askofu wa Milano, akavivunja na kuviyeyusha vyombo vitakatifu vya kanisa ili kuwakomboa. Watu wengine wakamlaumu, naye akajitetea kwamba ni afadhali kuwahifadhia Bwana watu kuliko kumhifadhia dhahabu. Ikiwa vyombo vya meza ya Bwana viliweza kutolewa kwa ajili ya wanadamu, si zaidi vitu vilivyomo katika masanduku yetu?

Neno la tatu: jambo hili ni la mtu huru. Barnaba aliuza shamba lake akaleta thamani yake. Anania naye aliuza, akazuia sehemu. Lakini Petro hakumlaumu kwa kuzuia. Alimwonyesha kwamba shamba lilikuwa lake kabla ya kuuzwa, na fedha ilikuwa katika uwezo wake baada ya kuuzwa. Kosa lake lilikuwa uongo. Tena, yule mwanamke alipomwaga marhamu ya thamani kubwa juu ya Bwana Yesu, wako waliosema ingaliuzwa kwa dinari 300 na zaidi, maskini wakapewa. Na Bwana aliwanyamazisha. Kumbe hata neno zuri kama "uza, uwape maskini" laweza kusemwa na mtu asiyepasiwa kulisema. Kwa hiyo nawaambia ninyi wazee wa kanisa na walimu: msizunguke mkiyapima masanduku ya watu. Msiseme, "Fulani ana mali ya kale, na kanisa halina mabati." Sadaka iliyobanwa kwa aibu si sadaka.

Nami sikumwamuru mzee yule. Nilimwuliza maswali matatu, nayo nawaachia ninyi pia, kwa kuwa yatafaa juu ya sarafu, juu ya shamba, hata juu ya ng'ombe wa urithi.

Swali la kwanza: Kitu hiki ni cha nani? Mkebe ulikuwa mkononi mwake, lakini babu alikuwa na wazao wengine. Akiuza peke yake kwa siri, ataponya moyo wa binti na kuumiza mioyo ya ndugu.

Swali la pili: Katika sarafu hizi, ipi yenye habari? Alifikiri sana. Rupia za fedha na reale, ambazo mnunuzi alizishangilia, hakujua zilifikaje mkebeni. Lakini iko heller moja ya tundu, ambayo babu aliivaa shingoni kwa uzi mpaka uzee wake. Ilikuwa chenji iliyobaki katika mshahara wake wa kwanza, siku alipokwisha kununua jembe. Na kwa jembe lile alifungua shamba ambalo jamaa wanalilima hata leo. Na mnunuzi aliitaja heller ile kuwa haina bei. Tazameni, bei ya soko na thamani ya ukumbusho hazikai katika kitu kimoja sikuzote. Mara nyingi twang'ang'ania kilicho ghali, tukidhani twamng'ang'ania marehemu.

Swali la tatu: Mtoto aweza kungoja mpaka lini? Sarafu zimekaa miaka mia na zaidi. Ugonjwa haukai hivyo.

Mzee akawaita ndugu zake. Mkebe ukamwagwa juu ya mkeka, watoto wakakaa karibu, wakasikia habari ya reli na ya jembe kwa mara ya kwanza. Ndugu mmoja alikataa. Alisema, "Mbuzi huzaa tena, fedha ya babu haizai." Hakuna aliyemkemea. Siku ya tatu alirudi mwenyewe, akasema akubali, ila habari iandikwe katika daftari ili isipotee. Ikaandikwa. Sarafu 42 zikauzwa, na ile heller ikabaki. Thamani yake haikutimiza gharama yote, lakini imelisogeza jambo mahali ambapo usharika waweza kulimaliza. Binti bado angoja siku yake. Mwombeeni.

Neno la nne: aonaye vema kuuza, auze kwa haki. Abrahamu aliponunua mahali pa kumzika Sara, alipima shekeli 400 za fedha masikioni mwa watu, langoni pa mji, wala si gizani. Msiende peke yenu kwa mnunuzi. Waulizeni wanunuzi wawili watatu. Msizisugue sarafu kwa mchanga wala majivu, maana wazikusanyao hupunguza bei ya iliyosuguliwa. Pimeni uzito: reale ya Sham ya kweli hukaribia gramu 28, na nyingi ya hizo ni fedha safi. Msiseme ni ya mwaka 1780 ikiwa hamjui, maana amri ya saba humlinda mnunuzi pia. Na mtu akiokota sarafu za kale ardhini, kama zile za masultani wa Kilwa, azipeleke kwa watu wa Makumbusho. Hiyo ni mali ya taifa zima, na sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 huvilinda vitu vilivyofanywa kabla ya mwaka 1863. Tena jihadharini na wale wachimbao penye maboma na makaburi wakitafuta mali ya Wadachi, na wale wauzao njiani dhahabu ya Tabora yenye sura ya tembo. Dhahabu hiyo ilipigwa kweli mwaka 1916, lakini ya bandia iko pia. Tamaa imewala wengi waliotoa ng'ombe wakapewa bati lililopakwa rangi.

Ndugu wapendwa, Bwana Yesu alipoonyeshwa dinari, aliuliza juu ya sura iliyokuwamo. Nasi tuulize vivyo. Katika rupia mna sura ya Kaisari aliyekufa. Katika mtoto mgonjwa mna sura ya Mungu aliye hai. Sisi sote tulikuwa kama ile sarafu ya yule mwanamke wa Luka 15, iliyoanguka gizani penye vumbi. Naye Bwana aliwasha taa, akafagia, akatutafuta mpaka akatuona. Wala hakutukomboa kwa fedha wala kwa dhahabu, ila kwa damu yake. Aliyekombolewa hivyo aweza kufungua mkono wake pasipo hofu, akitunza au akitoa.

Tuombe: Ee Bwana, uyaonaye yaliyomo katika masanduku yetu na katika mioyo yetu, utufundishe kutunza yaliyo ushuhuda, na kuachilia yaliyo kifungo. Uwakumbuke wagonjwa wetu na wawaleao. Utupe hekima ya kuamua na amani baada ya kuamua, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.