Je, Mwenye Mabawa Hadhulumiki?

Ndugu msomaji, wako watu ambao wakiambiwa kwamba msitu fulani umekatwa, au uwanda fulani umelimwa na ndege wake hawaonekani tena, hujibu kwa neno jepesi: "Ndege ana mabawa, ataruka aende kwengine." Neno hili tulilisikia Nanyuki, kwa mfanyabiashara mmoja, mtu wa pwani aliyehamia huko, muungwana na mkarimu. Tulikuwa tumeketi barazani kwake asubuhi isiyo na mawingu, na Mlima Kenya umesimama mbele yetu. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu asemavyo jambo lijulikanalo na wote. Lakini ndani ya neno hilo mna hukumu: kwamba awezaye kuhama hana haki juu ya mahali alipo, na amwondoshaye hana lawama. Hukumu hii yatupasa kuipima kabla ya kuikubali.

Kwanza natutazame mambo yalivyo, kwani hukumu juu ya jambo hufuata kulijua.

Mji wa Nanyuki uko kama mita 1,900 juu ya bahari, na kilele cha mlima chafika mita 5,199. Apandaye hupita mashamba, kisha msitu, kisha hutoka kwenye nyika ya baridi kali ambayo maji yake huganda usiku, na mwisho hukuta mawe na barafu. Kila tabaka ina ndege wake. Katika nyika ile ya juu huota lobelia, mimea isimamayo kama nguzo, na katika maua yake huishi aina ya chozi mwenye rangi ya kijani ing'aayo na mkia mrefu. Huyo si ndege wa kila mahali. Baridi ile ambayo sisi twaikimbia ndiyo nyumba yake.

Sasa, hewa hupoa kadiri ya nyuzi sita kwa kila mita 1,000 za kupanda. Na joto la dunia limekwisha kuzidi kwa zaidi ya daraja moja tangu mwisho wa karne ya 19, kwa sababu kubwa ya moshi wa makaa na mafuta tunayoyachoma. Hesabu yake ni nyepesi: kila daraja moja ya joto huisogeza ile baridi ya zamani juu kiasi cha mita 160. Mwenye kutaka ushahidi autazame mlima wenyewe. Barafu iitwayo Lewis, iliyo kubwa kuliko nyingine zote za mlima huo, ilipoteza sehemu tisa katika kumi za ujazo wake baina ya mwaka 1934 na 2010.

Ndege naye hufanya nini? Huifuata hali aliyoizoea. Katika milima ya Usambara, huko Tanzania, wataalamu waliwahesabu ndege wa msituni, na baada ya miaka kama arubaini wakahesabiwa tena. Ikaonekana kwamba wengi wao wamesogea juu, na sehemu za chini walizokuwa wakikaa wameziacha. Rafiki yetu wa Nanyuki angesema: "Si ameruka basi?" Naam, ameruka. Lakini mlima ni mfano wa fungu la mtama lililomwagwa sokoni: chini ni pana, na juu ni ncha. Kila apandapo ndege, nchi yake hupungua. Na aliye juu kabisa hana pa kupanda ila mawe na hewa.

Tena ndege hali baridi. Chozi wa mlimani hufuata maua, na lobelia haina mabawa. Iko aina ya lobelia katika mlima huo ambayo hukua kwa miaka mingi, hutoa maua mara moja tu, kisha hufa. Moto uipitiapo kabla ya kutoa maua, miaka yote hiyo imekwenda bure. Na moto mkubwa uliteketeza nyika za mlima huo mwaka 2012, na tena mwaka 2019.

Si joto peke yake. Upande wa pili wa milima ya Nyandarua uko uwanda wa Kinangop, na huko yuko ndege mdogo wa manjano mwenye kucha ndefu, aitwaye kwa jina la Sharpe, ambaye hapatikani katika nchi yoyote duniani ila Kenya. Huyo hutembea majanini akitafuta wadudu, na kiota chake hukiweka chini, katika vichaka vya majani. Majani yakigeuzwa kuwa shamba la viazi, hageuki kuwa ndege wa viazi; na ukipandwa miti, haweni ndege wa mitini. Mabawa anayo. Pa kutua ndipo hana.

Wala safari ndefu haiokoi. Mbayuwayu wa Ulaya hushuka kwetu kila mwaka kuikimbia baridi, na kiasi cha mwezi wa Machi na Aprili hurudi. Wasafiri kama hawa huijua saa ya kuondoka kwa urefu wa mchana na kwa maumbile yaliyo ndani yao. Basi aliyeko Nanyuki, unakopita mstari wa ikweta na mchana hulingana na usiku karibu mwaka mzima, ataambiwa na nani kwamba huko Ulaya majira ya joto yametangulia? Huko Uholanzi imeonekana kwamba aina moja ya ndege warudio kutoka Afrika hufika wakati viwavi wa kulishia makinda wamekwisha kupungua, na mahali hapo idadi yao imeshuka sana. Ameruka bahari na jangwa, akafika karamu imekwisha.

Pengine mtu wa Mombasa atasema: "Mbona kunguru wamejaa hapa?" Jawabu yake ni kwamba kunguru huyo ndiye hoja yetu. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji, na Mombasa akaonekana mwaka 1947. Yeye hustawi palipo na jaa, na huwala mayai na makinda ya ndege wengine, hata mwaka 2024 serikali ya Kenya ikatangaza mpango wa kuwapunguza kwa milioni moja. Hivyo tukivunja makao, si kweli kwamba ndege wote huhama tu. Wachache wapendao uchafu wetu huongezeka, na wengine hupotea kimya kimya.

Turudi kwenye hukumu. Imepokewa katika hadithi kwamba masahaba, wakiwa safarini, waliwatwaa makinda wawili wa ndege, na mama yao akaja akipapatika juu yao. Mtume (s.a.w.) aliuliza ni nani aliyemsikitisha ndege huyo kwa watoto wake, akaamrisha warudishwe. Ndege yule alikuwa na mabawa. Angeweza kwenda kutaga kwengine. Lakini udhuru huo haukutajwa hapo, kwa sababu kuweza kuruka hakukufuta alilofanyiwa.

Atasema mwengine: "Rizki ya ndege iko kwa Mola wake, hutoka asubuhi na njaa na hurudi jioni ameshiba." Hayo ni kweli, nasi twayaamini. Lakini hadithi hiyo yatufundisha sisi kutegemea, haikutupa ruhusa ya kuziba njia ya rizki ya mwengine. Mwenye kuiba chakula cha yatima hawezi kujitetea kwamba Mungu atamruzuku yatima.

Iko hoja moja iliyo nzito kuliko hizo. Mkulima wa Kinangop ana watoto na ada za shule, na ekari zake ni chache. Je, tumwambie awache majani kwa ajili ya ndege, na watoto wake walale na njaa? La. Kumbebesha maskini peke yake mzigo wa haki hii ni dhuluma nyingine. Lakini huko huko Kinangop wako waliotafuta njia: majani huachwa yaliwe na kondoo, na manyoya ya kondoo husokotwa na kuuzwa. Na sehemu nyingine za uwanda zimenunuliwa ili zibaki majani. Ni kidogo, lakini yaonyesha kwamba haki ya ndege na ya mtoto wa mkulima zaweza kukutana, wenye nafasi wakikubali kuchangia gharama.

Na sisi watu wa pwani tusidhani kwamba hayo ni mambo ya bara. Ndege watokao kaskazini ya mbali hutua katika matope ya Mida kutafuta chakula, na mikoko twaikata sisi. Jaa limlishalo kunguru ni letu. Moshi wa magari yetu haukomi Nyali wala Kisauni.

Tulipoagana na rafiki yetu wa Nanyuki tulimwuliza swali moja. Yeye naye alihama kwao, akafungua duka ugenini, na Mungu akamjaalia. Je, lau mtu angemvunjia nyumba yake ya Mombasa kwa hoja kwamba ana miguu na anaweza kwenda kwengine, angeridhika? Alinyamaza kidogo, akautazama mlima, kisha akasema: "Hapana. Miguu yangu si ruhusa yake."

Na mabawa ya ndege, ndugu msomaji, si ruhusa yetu.