Kudaka Uchafu, Kubeba Dhamana

Swali la kufunga au kutofunga kopo la kudakia oili kwenye injini ya lori huulizwa gereji, na hujibiwa kigereji. Fundi mmoja atasema ni kinga, mwingine atasema ni urembo, na mwenye gari atauliza bei. Majibu hayo yote yanahusu injini. Hakuna hata moja linalogusa kile kinachobaki ndani ya kopo baada ya safari, na hapo ndipo swali linapotoka kwenye ufundi na kuingia kwenye haki na wajibu. Dai langu ni kwamba kopo hilo haliondoi uchafu wa injini; linaondoa udhuru wa mwenye injini. Anayelifunga amejitwika dhamana ambayo jana hakuwa nayo, na uamuzi wake ni sahihi pale tu dhamana hiyo inapokuwa imekubaliwa mapema, ikiwa na mtu wa kuibeba na mahali pa kuifikisha.

Tuanze na chombo chenyewe. Katika injini ya dizeli, ringi za pistoni hazizibi silinda kikamilifu hata zikiwa mpya. Kila mlipuko unapoisukuma pistoni, gesi kidogo hupenya pembeni na kushuka hadi kwenye kranki na sampu. Gesi hiyo hubeba masizi, mvuke wa maji na dizeli ambayo haikuungua, na huko chini huchukua pia ukungu wa oili inayorushwa na kranki. Isipopewa njia ya kutoka, shinikizo hupanda na oili sili huanza kuvuja. Ndiyo maana kila injini ina pumulio, na katika injini nyingi za leo pumulio hilo limeunganishwa kwa mpira hadi kwenye njia ya hewa, kabla ya tabo. Kopo hukatiza mpira huo: gesi huingia upande mmoja, hugonga wavu au vizuizi, ukungu hugeuka matone na kudondoka chini, kisha gesi iliyopungua oili huendelea na safari yake. Ukifungua koki ya chini asubuhi ya baridi pale Makambako, usitarajie oili safi. Hutoka rojo la rangi ya chai ya maziwa, lenye harufu kali ya dizeli, kwa sababu maji na oili vimeshikana.

Kabla ya makopo, uchafu huo ulikwenda wapi? Kwa miongo mingi ulimwagwa barabarani. Injini za zamani zilikuwa na bomba lililoelekezwa chini ya gari, na upepo wa mwendo uliivuta gesi na kuitawanya. Jambo hilo halikumsumbua mtu hadi miaka ya 1950, mwanakemia Arie Haagen-Smit alipoonyesha kwamba ukungu uliokuwa ukiwachoma macho wakazi wa Los Angeles ulitokana na mvuke wa mafuta na gesi za naitrojeni zinapopigwa na jua. Ikabainika kwamba mvuke huo haukutoka kwenye ekzosi peke yake. Pumulio la injini nalo lilikuwa na sehemu yake. Magari ya mwaka 1961 yaliyouzwa California yakaanza kufungwa valvu inayoirudisha gesi ndani ya injini ikaungue. Malori ya dizeli yenye tabo yalisubiri muda mrefu zaidi: huko Marekani ni injini za mwaka 2007 ndizo zilizotakiwa ama kuifunga njia hiyo, ama kuihesabu gesi yake pamoja na moshi wa ekzosi. Muda wote huo ringi ziliendelea kupitisha gesi ileile. Kilichobadilika ni nani anayeibeba: kwanza mpita njia, kisha injini yenyewe, na sasa, kwa mwenye kopo, mkono wa binadamu.

Swali la nani anabeba lina historia ndefu katika fikra za kisheria, na watu wa pwani yetu, ambao wengi wao hufuata madhehebu ya Shafii, wamelirithi likiwa limepangwa vizuri. Jalaluddin as-Suyuti, mwanachuoni wa madhehebu hayo aliyefariki Cairo mwaka 1505, alizikusanya kanuni tano kuu ambazo matawi ya fiqhi huzirejea. Mojawapo ni kwamba madhara huondolewa. Majalla, sheria ya madai ya dola ya Uthmaniya iliyokamilika mwaka 1876, iliiweka kanuni hiyo katika kifungu cha 20, kisha kifungu cha 25 kikaiwekea mpaka: madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Si lazima msomaji awe Mwislamu ili auone uzito wa mpaka huo. Kuokoa shamba langu na mafuriko kwa kuyageuzia maji kwa jirani si kuokoa; ni kuchagua nani aangamie. Vivyo hivyo, anayelinda tabo yake kwa kopo kisha akalimwaga mtaroni amehamisha madhara kutoka kwenye chuma chake hadi kwenye kisima cha watu. Kwa kipimo cha kifungu cha 25, hajaondoa kitu.

Kabla ya kufika huko, yapo madhara kweli ya kuondolewa? Hapa ushahidi unagawanyika, na mwenye haki lazima augawe. Kwenye injini zinazorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ili kupunguza gesi za naitrojeni, masizi hukutana na ukungu wa oili na kujenga tope jeusi ndani ya manifodi, nalo huendelea kuibana njia ya hewa mwaka hadi mwaka. Oili hutanda pia ndani ya intakula na kupunguza uwezo wake wa kupoza. Hapo kopo lina hoja. Kwenye injini isiyo na mfumo huo, oili kidogo inayopita haina masizi mengi ya kushikana nayo, na faida hupungua. Injini nyingi mpya nazo hutoka kiwandani na kichujio chao cha kutenganisha oili, ambacho huirudisha kwenye sampu. Kanuni nyingine katika zile tano husema yakini haiondolewi na shaka, na hapa inafaa sana: mfumo uliopimwa pamoja na injini hauvurugwi kwa faida ya kudhania. Kopo lililofungwa vibaya, lenye mpira mwembamba au wavu ulioziba, huifungia injini pumzi na kuiletea uvujaji uleule uliokuwa ukiogopwa.

Watakaopinga wataanza na kiasi. Kopo la lori moja hutoa kikombe, au pungufu ya hapo. Kikombe kimoja kina nini mbele ya moshi wote wa barabara kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma? Pingamizi hili lina mizizi hata ndani ya fiqhi, kwa kuwa wanachuoni husamehe uchafu mdogo ambao ni tabu kuuepuka, kama tope la njiani linalorukia nguo. Lakini tuangalie sababu ya msamaha huo. Uchache peke yake haukutosha. Ugumu wa kuepuka ndio uliobeba hukumu. Ukungu uliokuwa ukitawanyika chini ya gari haukuwezekana kukusanywa na dereva yeyote, hata awe mcha Mungu kiasi gani. Uliomo ndani ya kopo umekwisha kukusanywa. Una ujazo unaojulikana na koki ya kuutolea, na kuna mtu aliyechuchumaa akiamua aufungulie wapi. Ugumu umetoweka, na msamaha umetoweka nao. Kikombe kilekile kilichokuwa hewani bila lawama kinakuwa na lawama kikishadakwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa sababu ni la haki. Anayefungua koki mara nyingi si mwenye lori. Ni utingo, anayelala chini ya tela na kula kwa posho. Kumwambia atunze rojo hilo hadi mwisho wa safari ni kumpa dhamana asiyokuwa na uwezo nayo. Ni kweli, na ndiyo sababu dhamana haiwezi kuanzia kwake. Aliyeamua kufunga kopo ndiye anayedaiwa dumu lenye kifuniko, glavu, na agizo la wapi dumu lishushwe. Wala hilo si jipya kwake: injini ya lori kubwa hubeba oili ya lita 30 na zaidi, na kila inapobadilishwa oili hiyo hupelekwa mahali. Mwenye mahali pa lita 30 ana mahali pa kikombe. Wengine watasema oili chafu si taka, kwani hupakwa kwenye nguzo za uzio na mbao za paa kuzuia mchwa. Matumizi hayo yapo, lakini kufaa hakufuti kudhuru. Oili iliyotumika ina chembe za metali na kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi, na ya kwenye kopo imechanganyika na maji na dizeli juu yake. Anayeipokea ili apake mlango wake ana haki ya kuambiwa amepewa nini.

Linabaki pingamizi la mjanja: ikiwa kudaka kunaniletea lawama, heri nisidake, nibaki na udhuru wangu. Hoja hii inavutia kwa sababu nusu yake ni kweli. Mwenye injini ambayo kiwanda kimeipangia kuichoma gesi yake ndani, au kuitenganisha na kurudisha oili kwenye sampu, hana sababu ya kuongeza kopo. Madhara yake yameshashughulikiwa, na kopo lingemzalishia rojo ambalo halikuwapo. Huyo akiacha, ameacha kwa haki. Nusu ya pili ndiyo inayovunjika. Mwenye injini kuukuu inayopumulia barabarani, anayeona oili ikitiririka kwenye chesisi na kuacha alama kila anapoegesha, hawezi kusema hajui. Udhuru ni wa asiyeweza. Anayeweza na akakataa kutazama amechagua. Tena kwa injini ya namna hiyo kopo si tiba. Likijaa ndani ya siku chache, linasema ringi zimekwisha, na kulimwaga kila jioni bila kufungua injini ni kutumia kinga kama pazia.

Hukumu basi haiwezi kuwa moja kwa malori yote, ila mpangilio wa maswali unaweza kuwa mmoja. Kwanza tujue injini ina madhara gani ambayo kiwanda hakikuyashughulikia. Pili tujue kama kopo litayapunguza bila kuizibia pumzi. Tatu, na hili ndilo huachwa, tujue nani atafungua koki, kwa vifaa gani, na kitakachotoka kitaishia wapi. Mwenye lori aliye na majibu yote matatu afunge kopo lake kwa amani. Aliye na mawili ya kwanza tu bado hajawa tayari, hata kama fundi ameshalishika mkononi. Na ambaye ringi zake zimekwisha, fedha ya kopo aipeleke kwenye ringi.