MAJI YA UDHU NA BUSTANI YA NYUMBANI

Sifa zote njema anastahiki Mwenyeezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyeteremsha maji kwa kipimo akaotesha kwayo mimea ya kila namna. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyeifuata njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad:

Ndugu zetu katika imani, mnaoishi Muscat na miji mingine ya Oman na Ghuba. Yako mambo ambayo mtu huyaona madogo kwa kuwa huyafanya kila siku, nayo mbele ya Mwenyeezi Mungu yana hesabu yake. Mojawapo ni maji ya majumbani mwetu, na khasa yale tunayomwagia bustani. Wengi wetu, sisi au wazee wetu, tumetoka Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu, ambako masika huja na mvua zake, na mtu akitupa kokwa nyuma ya jiko huenda akaona mwembe. Muscat sivyo ilivyo. Mvua yake ya mwaka mzima ni kiasi cha milimita 100, na huenda yote ikanyesha kwa siku chache. Basi mwenye kumwaga maji hapa kama aliyekaa penye masika, amehama nchi bila ya kuhama na akili yake.

MAJI HAYA YANATOKA WAPI?

Mtoto aliyezaliwa hapa hufungua bomba akaona maji yanatoka, akadhani kuwa ndivyo dunia ilivyoumbwa. Haifai kumwacha na dhana hiyo. Tangu mtambo wa Ghubra ulipoanza kazi mwaka 1976, mji huu umekuwa ukitegemea zaidi maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, na kazi hiyo inataka mitambo mikubwa na nishati nyingi. Ama visima, katika pwani ya Batina yamevutwa maji mengi kuliko yanayorudishwa na mvua, mpaka maji ya bahari yakaingia chini ya ardhi mahali pa maji matamu, na mashamba mengi ya mitende yakaharibika kwa chumvi.

Mwezi wa Juni 2007, ilipopiga tufani ya Gonu, mitambo ya Ghubra na Barka ilisimama, na watu wa Muscat wakapata dhiki ya maji kwa siku kadhaa. Waliokuwapo siku zile walilifahamu vyema lile swali linalokhitimisha Sura ya Al-Mulk, ambamo Mwenyeezi Mungu anawauliza waja wake: ni nani atakayewaletea maji yanayotiririka, ikiwa maji yao yatadidimia ardhini? Neema ambayo huweza kukatika kwa usiku mmoja si mali yetu. Ni amana tuliyoazimwa.

UTARATIBU WA FALAJI

Watu wa Oman waliijua amana hii tangu zamani. Walichimba falaji, wakayaongoza maji kutoka chini ya milima hadi vijijini kwa mteremko peke yake, bila ya mashine. Kiasi cha falaji 3,000 zingali zikitumika, na mwaka 2006 tano kati yao, zikiwamo Falaji Daris ya Nizwa na Falaji Al-Khatmeen ya Birkat al-Mauz, ziliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Vitabu vya fiqhi vya wanazuoni wa Kiibadhi vina milango mirefu juu ya haki za falaji, kwani kugawana maji ni jambo la uadilifu kabla ya kuwa jambo la kilimo. Zamu za maji zilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku, asipate mtu zaidi ya fungu lake.

Imam Seif bin Sultan wa kwanza, katika Maimamu wa Yaaruba, ambaye majeshi yake yaliiteka Ngome ya Mombasa kutoka kwa Wareno mwaka 1698, hakukumbukwa kwa vita tu. Historia inamtaja pia kuwa alitengeneza falaji na kupanda maelfu ya mitende na minazi huko Barka.

Sasa tazameni utaratibu wa falaji. Maji yanapoingia kijijini, kwanza watu huteka ya kunywa. Kisha yakapita mahali pa kutawadhia na kuogea. Kisha ndipo yakaenda kwenye mitende. Maji ni yale yale: yamemnywesha mtu, yamemtwaharisha, na bado yakaotesha tende. Ama sisi katika nyumba zetu za kisasa, maji huyatumia mtu mara moja, yakaingia shimoni. Kisha tukafungua bomba jengine, kwa maji safi yale yale ya kunywa, tukamwagia majani. Tunalolitaka katika ukurasa huu ni moja: nyumba yako iifuate falaji.

HUKUMU YAKE

Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, nacho hakifiki lita moja, na akioga kwa pishi. Basi anayeliacha bomba wazi huku akipaka maji kichwani, na aulinganishe udhu wake na udhu wa Mtume wake. Na Qur-ani, katika Sura ya Al-Israa, imewahisabu wenye kufuja kuwa ni ndugu wa mashetani.

Maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu, wanazuoni wengi wamesema kuwa ni safi yenyewe, ijapokuwa hayatumiki tena kwa kutwaharishia. Kwa hivyo hapana ubaya kuyamwagia mti. Lakini maji yaliyoondolea najisi yasichanganywe nayo. Hayo yaende njia yake.

NAMNA YA KUFANYA

Kwanza, maji ya udhu. Weka beseni chini ya bomba la kutawadhia, au, ikiwa bomba liko nje, tia mpira utakaoyapeleka kwenye shina la mti. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akitawadha mara tano kwa lita tatu tu, humwaga lita 90 kwa siku. Ongeza maji ya kuoshea mchele na mboga. Maji yenye sabuni kali au dawa ya kung'arishia nguo yasitiwe, kwani huudhuru udongo.

Pili, maji ya kiyoyozi. Katika unyevu wa kiangazi cha Muscat mashine hizi hudondosha maji mchana na usiku, nayo hayana chumvi. Hayafai kunywewa, lakini miti huyapenda. Yakinge kwa ndoo yenye kifuniko, uache tundu la mpira tu.

Tatu, mtungi wa kuzikwa. Chukua mtungi wa udongo usiopakwa rangi, kama inayofinyangwa Bahla, uufukie mpaka shingoni, upande mimea kuuzunguka, uujaze maji na uufunike. Udongo ukikauka huyavuta maji kupitia ukuta wa mtungi kidogo kidogo, na mizizi ikanywa kabla ya jua kuyapata.

Nne, taka za jikoni. Katika pembe yenye kivuli, panga tabaka la maganda ya matunda, mboga na machicha ya kahawa, kisha tabaka la majani makavu. Uyarashie maji kidogo na uyageuze kila wiki. Nyama na mafuta yasiingie. Baada ya miezi michache utapata mbolea nyeusi, nayo huishika rutuba katika mchanga. Lakini angalia daraja yake: chakula kinachofaa kuliwa ni haki ya mtu kwanza, kisha mnyama, na udongo mwisho. Wali wa karamu usigeuzwe mbolea maadamu yuko mwenye njaa.

Tano, funika udongo kwa majani makavu ya mtende, na umwagie baada ya sala ya Alfajiri kabla ya jua, au baada ya Maghribi. Na badala ya uwanja wa majani unaotaka maji kila siku, panda mkunazi au mwarobaini, miti inayovumilia kiu.

MAMBO YA KUZINGATIWA

Maji yasisimame wazi. Mwishoni mwa mwaka 2018 na mwanzoni mwa 2019 homa ya dengi iliwapata watu hapa Muscat, na mbu wake huzaa katika vyombo vya maji majumbani. Haijuzu kutaka thawabu ya mti kwa kumdhuru jirani. Mwenye kupanga nyumba asitoboe ukuta wala kugeuza bomba ila kwa idhini ya mwenyewe. Na akaaye ghorofani achunge maji yasimdondokee wa chini.

Na katika nyumba nyingi anayemwagia bustani ni mfanyakazi. Asilaumiwe kwa asilofundishwa. Mwenye nyumba ndiye mchunga, naye ndiye atakayeulizwa.

Enyi kina baba na kina mama, wapeni watoto wenu kazi hii. Mtoto abebe beseni la udhu wake mwenyewe mpaka kwenye ndimu. Mtume (S.A.W.) ametubashiria kuwa Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Na akatuhimiza kuwa hata Kiyama kikisimama na mkononi mwa mtu mna mche, aupande akiweza. Basi itakuwaje kwetu, tulio na uzima, na maji ya udhu yanatupita miguuni?

Tunamuomba Mwenyeezi Mungu atujaalie kuwa wenye kushukuru neema zake, atuepushe na ufujaji, aijaalie miti ya nyumba zetu kuwa sadaka yenye kuendelea kwetu na kwa wazee wetu waliotangulia. Amin.

Wa billahi tawfiq.