Mtoto Umleavyo Ndivyo Akuavyo

Katika baraza za Mbagala na Tandika hakuna methali inayotajwa kwa wepesi kuliko hii, na kwa kadiri ya fahamu yangu hakuna inayofahamiwa nusu kama hii. Kijana akipigiwa kelele za mwizi kituoni Rangi Tatu, kabla haijabainika kama ameiba au amesingiziwa, wazee waliokaa penye bao huguna, wakaitaja methali, na hapo hukumu imekwisha kupita juu ya baba na mama ambao pengine saa ile wako sokoni wakitafuta riziki ya siku. Mimi nami niliitaja hivyo kwa miaka mingi, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga hesabu, mpaka Mwenyezi Mungu aliponijalia mabinti wawili kwa mimba moja.

Tuliwaita Kurwa na Doto, majina yaliyotoka kwa ndugu zetu Wasukuma na Wanyamwezi yakaenea nchi nzima, hata Mzaramo wa Temeke haulizi tena asili yake: Kurwa ndiye aliyetangulia, Doto ndiye aliyefuata. Lau wangalikuwa wavulana, yamkini bibi yao angalitaka Hasani na Huseni, kama ilivyo ada ya pwani kwa pacha, ingawa wajukuu wale wa Mtume hawakuwa pacha bali walipishana kwa takriban mwaka mmoja. Walilala mkeka mmoja. Walining'inizwa kwenye mizani moja siku za kliniki. Magauni yao yalitoka katika kitambaa kimoja na mkasi wa fundi mmoja. Na uji wao wa ulezi uliiva katika sufuria moja. (Hunipendeza kwamba lugha yetu imelipa jina moja zao hilo la uji wa mtoto na kazi yenyewe ya kumlea.) Basi kama methali ni kanuni mfano wa kanuni za hesabu, malezi mamoja yangalizaa makuzi mamoja. Walipotimiza miaka minne, Kurwa alikuwa akikila kitumbua kwa kumega kingo kwanza, akikizungusha polepole mpaka libaki tumbo peke yake, hali Doto alikuwa amekimaliza chake kwa matonge mawili na kuanza kukitazama cha mwenziwe.

Nililiona jambo hilo nikacheka, nisilifikiri. Lililonifikirisha lilikuja walipokuwa na miaka sita, wakati wa kiangazi ambapo maji ya bomba yalikuwa adimu nasi tukinunua madumu kwa mwenye mkokoteni. Jioni moja nilirudi kazini nikakuta ndoo imepinduka ukumbini na maji yameingia hata chini ya kitanda. Nikawasimamisha wote wawili ukutani, nikauliza ni nani, sikupata jibu. Nikawakemea kwa maneno yaleyale, kwa sauti ileile, kwa muda uleule, nikajiona hakimu mwadilifu. Doto alilia, akafuta makamasi kwa mkono wa gauni, na kabla ya adhana ya Magharibi alikuwa nje akicheza rede. Kurwa hakulia. Wiki mbili baadaye bibi yao alikuwa akifagia uwanja, na fagio la chelewa likakwaruza kitu chini ya mwembe. Alipochimbua mchanga kwa ncha ya kidole akatoa kitambaa cha kanga kuukuu kilichofungwa fundo, na ndani yake vigae vya kikombe cha chai chenye maua ya buluu, havikukosa hata kimoja. Kurwa alikuwa amekivunja kikombe akakizika. Mama yangu alivimimina vigae kiganjani mwangu, akaniambia, "Mwanangu, siku ile hukumkemea mtoto. Ulikemea pacha."

Usiku ule nilirudi kwenye maneno ya methali nikayachambua kama mchele katika ungo. Wahenga hawakusema watoto, walisema mtoto. Na katika neno *umleavyo* walitia kiungo kidogo, *m*, sauti ambayo mzazi mwenye haraka huipita asiisikie: yeye, huyu, mmoja aliye mbele yako. Mwenye watoto saba, kwa mujibu wa methali hii, hana malezi mamoja ya kuwagawia. Ana taklifu ya malezi saba, na mwenye pacha ana ya mawili, hata kama nyuso zao humchanganya jirani. Kisha nikaitazama ile *vyo*, nikaona kwamba haikutaja wingi wala uchache, imetaja namna. Nami nilikuwa nimelea kwa vipimo: kijiko kwa kijiko, yadi kwa yadi, kemeo kwa kemeo, nikidhani kwamba mgawo ulio sawa ndio insafu. Kwa Doto kemeo lile lilikuwa onyo. Kwa Kurwa lilikuwa hofu, na hofu hiyo ilimfundisha kuficha, nami ndimi niliyemfundisha, katika dakika ile ile niliyojihesabia uadilifu.

Liko jambo la pili, nalo ni kubwa zaidi. Methali ina vitenzi viwili vyenye watendaji wawili: wa kwanza ni wa mzazi, wa pili ni wa mtoto mwenyewe. Lugha ina neno kukuza, na wahenga walilijua, lakini walikataa kusema kwamba mzazi humkuza mtoto. Walisema mzazi hulea, mtoto hukua. Kati ya vitenzi hivyo iko nafasi, mfano wa ile iliyopo baada ya mkulima kufukia mbegu na kuondoa mkono wake, na katika nafasi hiyo hulka aliyojaliwa mtoto hufanya kazi ambayo mzazi haioni. Wapo watakaonijibu kwamba nikisema hivi nawavua wazazi lawama. Hasha, nawaongezea wajibu, kwa kuwa ni rahisi kuwa na desturi moja ya nyumba nzima, bali kumjua kila mtoto kwa dhati yake ni kazi ya kila siku isiyo na likizo.

Marehemu Shaaban Robert, alipotaka kuwaachia wanawe nasaha, hakutunga utenzi mmoja akawaambia wagawane: binti yake alimtungia Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamtungia Utenzi wa Adili. Mtu aweza kusema kwamba sababu ni tofauti ya kike na kiume tu. Hoja hiyo naikubali kwa nusu, maana baba mvivu angaliona mafunzo ya adabu ni yale yale, akaokoa wino. Na tuwakumbuke Maria na Consolata, waliozaliwa Ikonda, Makete, mwaka 1996 wakiwa wameungana miili, wakasoma mpaka wakaingia chuo kikuu Iringa, wakafariki pamoja Juni 2018. Wawili wale hawakuweza kuachana hata hatua moja, na bado walibatizwa majina mawili, na nchi nzima iliyaomboleza yote mawili.

Nimejifunza kwamba Kurwa husema kweli akiwa anatembea. Hunifuata dukani baada ya Isha kununua mkaa au sukari, na gizani, tusipotazamana, hunisimulia kila alichokivunja siku hiyo. Doto hataki gizani. Humtaka mtu akae kitako, amtazame machoni, amwambie neno lake mara moja limalizike.

Mtaani, kama ilivyo desturi, wananiita Baba Kurwa. Juzi jirani aliniita hivyo kutoka ng'ambo ya ua, nami nikaitika. Doto, aliyekuwa miguuni pangu akichambua mchicha, akainua uso akaniuliza, "Na mimi, baba yangu anaitwa nani?" Sikupata la kumjibu kwa haraka. Bibi yake, aliyekuwa mlangoni, ndiye aliyenijibia, na tangu siku ile, chakula kikiwa tayari, hunipigia ukelele kutoka jikoni: "Baba Doto, njoo ule."