Nikisali Bila Hamu, Je, Ni Unafiki?



Mume mmoja alinijia na swali ambalo huenda nawe umewahi kujiuliza. "Tulipooana," akasema, "mimi na mke wangu tulisali pamoja kila jioni. Siku hizi nikipiga magoti sisikii kitu. Midomo inasali, moyo uko kwenye karo ya watoto. Si afadhali niache mpaka hamu irudi, kuliko kuwa mnafiki?"

Swali lake ni la mtu mkweli, na halistahili kukemewa. Lakini hebu twende kwanza Iten, kule Elgeyo Marakwet. Alfajiri, baridi ingali kali, utawakuta wanariadha barabarani, makundi kwa makundi. Unadhani wote wameamka na hamu? Wengi wangependa kubaki chini ya blanketi. Hata hivyo hakuna anayewaita wanafiki. Tunawaita watu wa bidii.

Ni huko Iten ambako Bruda Colm O'Connell, mmisionari kutoka Ayalandi, alifika mwaka 1976 kufundisha shule ya St. Patrick's. Miongoni mwa wakimbiaji aliowafunza ni David Rudisha. Mwaka 2012, katika Olimpiki ya London, Rudisha alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akavunja rekodi ya dunia. Sisi tuliiona hiyo mbio fupi. Asubuhi nyingi za mazoezi zilizoitangulia hatukuziona.

Mtakatifu Paulo aliyafahamu mambo haya. Karibu na Korintho palifanyika michezo mikubwa kila baada ya miaka 2, na mshindi alivikwa taji la majani. Ndiyo maana alipowaandikia Wakristu wa mji huo alitumia mfano wa mkimbiaji anayejinyima mengi kwa ajili ya taji linalonyauka.

Basi unafiki ni nini? Ni kujionyesha kwa watu ulivyo sivyo, ili wakusifu. Anayepiga magoti akiwa mkavu, akamweleza Mungu ukavu huo, hamdanganyi mtu. Ndivyo ilivyo hata katika ndoa. Mke anayempikia mumewe chai siku ambayo bado ana uchungu naye si mnafiki, anatunza ahadi. Pale altareni hamkuahidiana kusikia raha kila siku. Mliahidiana uaminifu.

Hata hivyo, ndugu msomaji, mfano huu una mipaka yake. Kwanza, mazoezi si mashindano. Ukimaliza rozari kila usiku, na bado watoto wanajificha wakisikia hatua zako mlangoni, jiulize unafanyia mazoezi mbio gani. Mbio zako ziko hapo nyumbani. Pili, mwanariadha hushinda kwa kuwaacha wenzake nyuma, lakini katika ndoa hakuna anayeshinda peke yake. Usiigeuze sala yako kuwa fimbo ya kumchapia mwenzako asiyesali. Punguza mwendo, mngoje. Tatu, mkimbiaji anaweza kujivunia jasho lake, lakini neema si mshahara. Sisi tunafungua mlango tu. Anayeingia na nguvu ni Mungu.

Mtafanyaje basi? Anayeanza mazoezi hakimbii kilomita 30 siku ya kwanza. Anzeni na dakika 5 kabla ya kulala. Fanyeni ishara ya msalaba. Kila mmoja amshukuru Mungu kwa jambo moja alilotendewa na mwenzake siku hiyo, kisha aombe msamaha kwa jambo moja. Malizeni kwa Baba Yetu. Mkikosa siku moja kwa uchovu au ugonjwa, msikate tamaa wala msijaribu kulipa deni kwa sala ndefu. Rudini kesho yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Yule mume nilimwambia hivi: "Usiku wa leo piga magoti kando ya mke wako, umwambie Mungu, mama watoto akisikia, jinsi moyo wako ulivyo mkavu." Alinyamaza kwa muda, kisha akasema hilo ni gumu kuliko rozari nzima. Nami nikakubaliana naye. Zoezi la kwanza huwa gumu.

Mungu azibariki nyumba zenu.